Eda Isiyokwisha

Mocímboa da Praia
5 Juni 1966

Mdogo wangu Mwanaamina,

Barua hii kaibeba mchuuzi Chaquir ndani ya gunia lake la papa mkavu, basi usishangae harufu. Ukishaisoma ichome.

Shemeji yako aliondoka mara baada ya Idi. Alinishika mikono, tukiwa wawili tu chumbani, akaniambia: "Naenda kuungana na wenzetu wanaopigana. Wakikuuliza, sema nimekwenda Mtwara kununua vitambaa." Nililia, lakini ndani nilijivuna. Mume wangu, muuza khanga, kaenda kushika bunduki.

Tangu hapo naitwa posto, kwa polisi wa Wareno, kila wiki. Kuna mpelelezi Mreno asiyesema sana, na tarjumani wake, Cândido, kijana wa hapahapa. Swali ni lile lile: "Mumeo yuko wapi?" Nami najibu: "Kaenda Mtwara kununua vitambaa." Mreno anasikiliza tafsiri, anatabasamu, kisha askari wao, sipai, ananizaba kofi. Siku nyingine hawanigusi. Wananikalisha kwenye benchi kutwa nzima, nasikia watu wakilia chumba cha pili. Kofi ni afadhali.

Sasa nina jambo la mwili, na sina mwingine wa kumwambia. Damu yangu ya mwezi ilikuja mara moja baada ya Abdulatifu kuondoka, kisha ikakatika. Haijarudi mpaka leo. Mimba siyo, nakuapia, maana sijaguswa na mtu. Na moyo, Mwanaamina, moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa napembua mchele. Kifua kinanibana, jasho linanitoka, mikono inakuwa baridi. Ikipita nabaki kama mtu aliyetwanga kutwa.

Mama mkwe anahesabu vitambaa vyangu vya mwezi kwenye kamba na kuninyamazia. Jirani yangu Rosalina, yule Mmakonde aliyekimbia vita Diaca, ananipa uji na haulizi kitu.

Ulipovunja ungo ni mimi niliyekufunda, mama akiwa kaburini. Leo nifunde wewe. Muulize daktari wa hospitali unakosomea unesi huu ni ugonjwa gani. Na ukipata habari za shemeji yako, mfikishie kwamba sijasema neno.

Siri hii ni yako peke yako.

Dada yako,
Somoe


Mtwara
1 Julai 1966

Dada Somoe,

Shikamoo. Barua nimeisoma nikiwa zamu, nikajificha stoo ya mashuka nikalia, kisha nikaichoma kama ulivyosema.

Nimemuuliza daktari wetu wa akina mama, mama mmoja wa Kigoa mwenye Kiswahili kizuri. Sikutaja jina lako. Alinikalisha akanieleza, nami nakuandikia kama nilivyoelewa.

Anasema juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo. Mtu akikutana na nyoka njiani, tezi hizo humwaga ndani ya damu kitu kinachoitwa homoni, kinachouambia moyo ukimbie kabla miguu haijakimbia. Nyoka akipita, homoni hupungua na moyo hutulia. Lakini nyoka wako hapiti. Amekaa nyuma ya meza na kila wiki anakuita, na siku ambazo hakuiti unamngoja. Kwa hiyo tezi hazipumziki, wala moyo haupumziki.

Na damu ya mwezi nayo huamrishwa na ubongo. Ubongo ukiona hatari haina mwisho, hufunga mlango wa uzazi, kana kwamba unasema huu si wakati wa kubeba mtoto. Daktari anasema wakati wa vita vya Wazungu wanawake wengi waliofungwa kambini walikatikiwa damu bila mimba wala ugonjwa. Kuna jambo lingine, ambalo anasema wataalamu bado wanalichunguza: ile homoni inayoleta damu kila mwezi huenda pia inailainisha mishipa na kuulinda moyo. Ikipungua, moyo unapigwa na hofu ukiwa hauna ngao. Ndiyo sababu unaumia hivyo.

Huna wazimu, dada. Hujarogwa. Kula hata kama hutaki, lala mchana ukiweza, na kifua kikibana vuta pumzi polepole utoe polepole. Hofu ikiondoka, damu itarudi.

Habari za shemeji sina za kukupa kwa sasa.

Mdogo wako,
Mwanaamina


Mocímboa da Praia
20 Agosti 1966

Mwanaamina,

Maneno ya daktari nimeyasoma mpaka nimeyajua kwa moyo. Nilidhani naanza kuwa mwehu. Kujua tu kwamba mwili wangu una sababu zake kumenisaidia kuliko dawa.

Lakini posto hawajaniacha. Wiki iliyopita kifua kilinibana mbele ya meza yao, nikaanguka. Nilipofumbua macho Cândido alikuwa ananimwagia maji usoni. Akaniinamia kama ananifuta, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, wape jina lolote, wakuache. Utakufa kwa ajili ya mtu." Nikamwambia: "Huyo mtu ni mume wangu." Mreno akauliza nimesema nini. Cândido akatafsiri kwamba naomba kwenda nyumbani.

Mama mkwe sasa anasema waziwazi. Jana mbele ya wageni aliniuliza: "Hilo tumbo litaanza kuonekana lini?" Nikamjibu hakuna tumbo. Akasema: "Tutaona."

Ile sentensi yako ya mwisho imenikaa vibaya. Hukusema hujui aliko. Umesema huna habari za kunipa. Nakujua tangu ulipokuwa ukijifunza kusema. Kama amekufa, niambie nikae matanga yake kwa heshima, maana atakuwa amekufa mahali pa heshima.

Somoe


Mtwara
11 Septemba 1966

Kwa Somoe binti Saburi,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu ya kila mwenye kumcha.

Nimepata habari kwa mtu wa karibu yako, ambaye hana sababu ya kukuzulia, kwamba siku zako zimekatika kwa miezi, na kwamba baada ya mimi kuondoka zilikuja mara moja. Basi hata mtoto wa chuoni anaweza kujua kwamba ulichonacho hakikutoka kwangu. Mama naye ameniletea salamu zenye maana hiyo hiyo.

Nimeambiwa eti ni hofu. Nimeishi na wanawake na nimezaliwa na mwanamke, sijapata kusikia hofu inayofanya kazi hiyo. Hayo ni maneno ya hospitali ya kuwasitiri wenye makosa.

Sitakutukana, wala sitakutangaza. Nimekuacha kwa talaka moja, na mashahidi wangu wanajulikana. Utoke nyumbani kwa mama yangu kwa wema. Aliye tumboni mwako, ukishamzaa, mtafutie baba yake.

Mungu atuongoze sote.

Abdulatifu


Mocímboa da Praia
9 Oktoba 1966

Mwanaamina,

Nilikuambia wewe peke yako.

Kwamba damu ilikuja mara moja baada ya yeye kuondoka, hata mama mkwe halijui hilo, maana mwezi ule nilikuwa kwa Rosalina nikimuuguza. Rosalina hakulijua. Neno lile lilitoka kinywani mwangu likaingia barua niliyokuandikia wewe, na leo linanirudia limeandikwa kwa mkono wa Abdulatifu kama ushahidi wa zinaa.

Nilimshika Chaquir kanzu pale sokoni. Nikamwambia: "Utasema leo, au nitasimama hapa nipige kelele." Akasema, macho chini, kwamba Abdulatifu hajawahi kuvaa sare yoyote. Ana duka la vitambaa Mtwara, na ana mke, binti wa Mikindani, aliyemuoa hata Ramadhani yetu haijasahaulika. Akasema: "Nilidhani unajua. Mdogo wako anakaa kwao."

Unakaa kwao.

Fikiria basi. Nilikaa kwenye benchi lile, nikapigwa makofi, nikaanguka, moyo ukataka kupasuka, kwa kumficha mpiganaji. Nami kila wiki nilikuwa nawaambia kaenda Mtwara kununua vitambaa, nikidhani naongopa vizuri. Kumbe nilikuwa nasema kweli tupu, na katika chumba kile chote hapakuwa na aliyeiamini, hata mimi.

Mama mkwe alinitolea mkeka nje siku barua ilipofika. Niko kwa Rosalina.

Somoe


Mtwara
15 Novemba 1966

Dada,

Ni kweli. Yote.

Nilipofika Mtwara kusomea unesi bweni lilikuwa limejaa. Shemeji akaniambia nikae kwake. Mke alimleta wiki chache baadaye, akaniambia: "Ukimwandikia Somoe, utamuua bure. Mimi mwenyewe nitamweleza." Nikakubali, kwa sababu nilikuwa nakula kwake na kulala kwake. Niliposoma kwamba unapigwa kwa ajili yake, nilitaka kusema. Kisha nikaona kwamba nikikwambia wakati ule, na moyo wako ukiwa hivyo, kweli nitakuua. Ndivyo nilivyojiambia.

Siri yako niliitoa mezani. Alikuwa anakula samaki na mkewe wanacheka. Sikuweza kuvumilia. Nikasema: "Dada yangu anapigwa kwa ajili yako. Amekatikiwa damu kwa hofu, moyo wake unakufa, na wewe unacheka." Nilidhani ataona haya. Aliacha kula, akanawa mikono taratibu, akaniuliza: "Mara ya mwisho iliingia lini?" Nami, kama mjinga, nikidhani anahangaika, nikamwambia ili ajue kwamba si mimba. Akasema, "Ahaa." Kesho yake akatafuta mashahidi.

Alikuwa anatafuta mlango wa kukuacha asionekane mbaya. Nikamfungulia.

Nimetoka kwake. Nalala kwa mwenzangu Joaquina, kitanda kimoja, kichwa huku miguu kule. Siombi kitu. Niandikie ukitaka, au usiandike.

Mwanaamina


Mocímboa da Praia
18 Machi 1967

Mwanaamina,

Nakuandikia kama mgonjwa anavyomwandikia nesi. Usisome zaidi ya hapo.

Baada ya talaka nilikwenda kwa Shehe Faquir nimuulize eda yangu. Akasema mwanamke mwenye damu huhesabu kwa damu. Ya tatu ikianza kuonekana, eda imekwisha. Nikamwambia: "Yangu haiji." Akauliza kama najua sababu. Nikamweleza kama daktari wako alivyoeleza, habari za hofu na tezi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasikitika. Akasema: "Kama hungejua sababu, wako wanazuoni ambao wangekuhesabia miezi. Lakini sababu unaijua, basi lazima ungoje mpaka irudi." Nikauliza: "Isiporudi?" Akasema: "Utangoja. Na muda wote huo yeye anaweza kukurejea kwa neno moja, hata usipotaka."

Nilitoka pale nikiyapanga njiani. Abdulatifu alinitia hofu, hofu ikafunga damu, na damu ilipofungwa nikawa wake mpaka atakapopenda yeye.

Wiki iliyofuata posto wakaniita tena. Mara hii nilikwenda na barua ya talaka, nikaiweka mezani. Cândido akaisoma kwa Kireno kutoka mwanzo hadi mwisho. Sipai akacheka mpaka akashika ukuta. Mreno akaikunja, akanirudishia, akasema neno fupi. Cândido akatafsiri: "Anasema nenda. Mwanamke aliyeachwa hana la kuwaambia." Hawajaniita tena. Nilipofika nyumbani nililala mpaka Rosalina akadhani nimekufa.

Tangu hapo nakula. Nalima na Rosalina kishamba chake nyuma ya misheni. Idi ilipopita, nikiwa napalilia, nilihisi tumbo linavuta kama zamani. Nikaingia ndani nikatazama. Nikakaa chini nikalia mpaka Rosalina akaja mbio na jembe mkononi, akidhani ni askari. Imekuja tena mwezi uliofuata.

Swali langu ni hili: moyo umetulia, lakini siku chache kabla ya damu unaanza tena kwenda mbio, kisha damu ikija unanyamaza. Je, ni ule ugonjwa unarudi?

Somoe


Mtwara
10 Aprili 1967

Dada Somoe,

Nakujibu kama nesi.

Daktari anasema hilo ni jambo la kawaida. Homoni za uzazi hupanda na kushuka kila mwezi, na siku za kabla ya damu moyo wa mwanamke huenda kasi kidogo, hasa aliyepitia mateso. Maadamu hukosi pumzi wala huanguki, usiogope. Ukianguka tena, mtafute daktari hata kama ni wa misheni.

Sasa nakuonya. Yule binti wa Mikindani amerudi kwao, amesema hawezi kuishi na mtu asiyesema kweli. Abdulatifu amebaki na nyumba tupu. Juzi alinifuata hospitali na zawadi ya khanga, akaniuliza huku akitabasamu: "Mama ananiambia shehe kamfunga Somoe mpaka damu irudi. Je, imerudi?" Nikamwambia: "Mimi ni nesi. Siri ya mgonjwa siitoi." Akasema: "Mwaka jana uliitoa." Nikamrudishia khanga yake mbele ya wagonjwa.

Anadhani bado umefungwa. Atakurejea.

Mwanaamina


Mtwara
9 Juni 1967

Kwa mke wangu Somoe,

Binadamu hukosea, na mwenye kheri ni yule anayerejea. Muda umeonyesha kwamba hukuzaa, nami nimekubali kwamba huenda nilipotoshwa na mdogo wako, ambaye ulimi wake unaujua. Yaliyopita si ndwele.

Kwa kuwa eda yako haijaisha, kama Shehe Faquir mwenyewe alivyohukumu, nimekurejea katika ndoa leo hii mbele ya mashahidi. Huna haja ya kukubali wala kukataa, sheria iko wazi. Ndugu yangu Sufo atakuja kwako, mtakwenda pamoja kwa shehe mkathibitishe rejea hii, kisha akutafutie njia ya kuvuka mpaka. Utanikuta nimekutengenezea nyumba.

Mume wako,
Abdulatifu


Mocímboa da Praia
2 Julai 1967

Kwa Abdulatifu,

Ndugu yako Sufo alikuja kama ulivyosema, tukaenda kwa shehe pamoja. Rosalina alinisindikiza, akakaa barazani.

Shehe Faquir aliisoma barua yako kwa sauti. Kisha akanigeukia, akaniuliza: "Somoe, damu yako imesemaje?" Nikamjibu kwamba ilirudi baada ya Idi, ikaja ya pili, na ya tatu ikaingia kabla mwezi wa Aprili haujaisha. Rejea yako umeiandika Juni.

Sufo akaruka. Akasema: "Shehe, haya ni maneno tu. Tutajuaje? Mwanamke huyu mwaka mzima alisema haipati, leo anasema anayo. Aitwe mkunga amkague." Shehe akamwambia akae. Akasema: "Katika jambo hili hakuna mkunga wala shahidi. Mwanamke ndiye anayeaminiwa juu ya damu yake. Amesema imekwisha, imekwisha." Sufo akainuka. Alipotoka aliniaga kwa heshima, nami nikamjibu vivyo hivyo, maana yeye hakunikosea.

Unasema ulipotoshwa na mdogo wangu. Mdogo wangu alikosa, na kosa lake ni kati yangu na yeye, bado hatujalimaliza. Lakini yeye alikwambia kweli: kwamba damu yangu ilikatika kwa hofu. Neno lenyewe la kweli ulilitupa, ukaokota lile ulilolitaka.

Mwaka jana uliletewa habari za mwili wangu ukakataa kuamini. Mwaka huu nakupa habari zake mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na kuamini si hiari yako tena.

Somoe binti Saburi